Kivuli cha Duara Kifuani kwa Komisere

Vijana wangu munaojifunza kazi ya radio (nasema ile ya hospitali, ya kupiga picha za ndani ya mwili, si ile inayoimba), juzi muliniuliza Sosiete yetu ya taifa, shirika la watu wa radio, ilizaliwa namna gani. Mumoja wenu alikuwa na kitabu kidogo mukononi, akanisomea kwamba wataalamu wa radio walikutana Kinshasa, zamani za Zaïre, wakaanzisha Sosiete katika mukutano wa heshima, chini ya maprofesa wakubwa. Ni kweli. Mimi nilikuwamo. Nilikaa karibu na mulango, na viatu nilivyovaa vilikuwa vya shemeji yangu, namba moja chini ya miguu yangu, kwa hiyo mukutano ule naukumbuka kwa vidole vyote kumi.

Lakini kitabu chenu hakisemi kwa nini sisi tusio madaktari tulipewa viti. Wala hakisemi kwa nini kanuni za Sosiete zinatamka kwamba mugonjwa avue kila kitu kuanzia kiuno kwenda juu "bila kutazama cheo." Munafikiri cheo kiliingia humo peke yake? Wakati ule jambo lile halikuandikika. Leo naweza kulisema bila kutazama mulango.

Mimi naitwa Bauma. Nilitelemuka kutoka milima ya Masisi na sanduku la mbao, nikitaka kuwa muganga. Mukubwa wa hospitali yetu ya Goma alinitazama juu mpaka chini, akaniuliza swali moja tu: "Weye unaogopaka giza?" Nikasema hapana. "Basi enda kwa Muzee Sekanabo."

Muzee Sekanabo ndiye aliyekuwa radio nzima ya hospitali. Alikuwa mutu wa Rutshuru, mwembamba, mupole, aliyeongea Kinyarwanda na mashine yake na Kiswahili na sisi wengine. Kazi alifundishwa na Wabeleji kabla ya uhuru, bila darasa na bila karatasi. Kucha zake zilikuwa nyeusi na ngozi ya vidole imekakamaa kama ganda la muti, kwa sababu zamani aliwashika wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe chini ya mwangaza wa mashine, bila glavu za madini ya risasi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba vidole vyake vimepigwa picha nyingi kuliko uso wake.

Siku yangu ya pili ndege ilileta boksi la filimu. Muzee akaniambia, "Bauma, hesabu kama ziko mia," kisha akaenda kumupiga mutu picha ya mugoti. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwema wa mapadri. Nikataka kuhesabu vizuri. Nikalibeba boksi mpaka dirishani penye jua zuri, nikapasua karatasi nyeusi, nikaanza: moja, mbili, tatu. Nilihesabu mara mbili ili nisikosee.

"Muzee," nikamwambia kwa furaha, "ziko mia. Hakuna hata moja imepotea."

"Umehesabia wapi?"

"Pale dirishani."

Muzee alitafuta kiti, akakaa. Hakunitukana. Alichukua filimu moja, akaingia nayo chumba cha giza, akaitia katika dawa, akaiosha, akatoka akaitundika penye taa. Ilikuwa nyeusi kama kaa la Masisi.

"Soma," akaniambia. "Mugonjwa ana nini?"

Nilitazama. "Muzee, mugonjwa ni mimi."

"Na dawa yake?"

"Giza."

"Basi utaipata." Akanifungia kazi ya chumba cha giza miezi sita mufululizo. Nyinyi wa leo munaona picha palepale kwenye kioo, hamujui raha wala adhabu ile: mutu unashika beseni chini ya taa nyekundu, unatikisa polepole, mbavu zinatokea moja moja kama mutu anayekuja kutoka ukunguni. Nilijifunza kuhesabu sekunde kwa kuimba zaburi moyoni. Zaburi fupi kwa mukono, ndefu kwa tumbo.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kuvua. "Radio haijuaka mukubwa," alisema. "Inajuaka tu kitu chenye kusimama kati yake na mufupa." Mwanzoni nilidhani ni usumbufu wa wazee. Kisha akaja mama mumoja wa Ndosho, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Dokta wetu alikuwa ameona mistari myeupe juu ya mapafu yake, akasema ni kifua kikuu, akamudunga sindano kila siku wiki sita. Akarudi kwa picha ya kuhakikisha: mapafu safi kabisa. Dokta akafurahi, dawa ikasifiwa. Muzee peke yake aliweka picha mbili pamoja, akazitazama, kisha akamutazama mama kichwani.

"Mama, siku ile ya kwanza ulikuwa umesuka?"

"Ndiyo, papa. Ilikuwa ndoa ya mudogo wangu. Nilisukwa na uzi, zikafika ku mabega."

Muzee akainamisha kichwa. Yule mama alikuwa na akili nyepesi, hakuhitaji kuelezwa mara mbili. "Kumbe nimedungwa matako wiki sita juu ya nywele?" Tangu siku ile, kila alipokutana na Dokta sokoni alimwita Kinyozi, na kila mwanamuke aliyeingia kwetu tulimuomba ainue nywele zake juu ya kichwa na kuzishika.

Sasa mumeelewa Muzee alikuwa mutu gani. Tuje kwa Komisere.

Komisere wa zoni, vijana, wakati ule alikuwa ndiye serikali yenyewe. Huyu wetu alitoka mbali, upande wa muto mukubwa, na Kiswahili chake kilikuwa kama mutu anayetembea juu ya mawe ya volkano bila viatu. Tulimuogopa. Aliyekosa salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia muji, alilala kasho, yaani kifungoni. Mwalimu mumoja alipigwa naye kofi mbele ya wanafunzi wake kwa sababu alimwita "Bwana" badala ya "Citoyen," yaani "Raia."

Akaja siku moja asubuhi, akikohoa, na walinzi wawili nyuma. Muzee hakuwapo: alikuwa amekwenda Bunagana kumwoza binti yake. Nilikuwa peke yangu.

"Citoyen Komisere, tafadhali uvue koti na shati."

Akavua. Lakini kwenye koti la abakosti kulikuwa na beji, ile ya Chama yenye uso wa Kiongozi, ambayo kila mukubwa alivaa upande wa moyo. Akaichomoa kwenye koti, akaipangusa kwa dole gumba, akaichomeka upya kwenye singleti yake.

"Na beji, Citoyen Komisere."

Walinzi waliacha kutafuna. Komisere akageuka polepole. "Umesema nini?"

"Nasema... chuma inazuiaka picha."

"Chuma? Kiongozi, weye unamwita chuma?"

"Hapana, Citoyen Komisere! Uso wake haiko chuma. Ni kile chenye kushikilia uso."

"Sikia, kijana. Kiongozi anakaa juu ya roho yangu. Kama mashine yako haiwezi kumupitia, basi ni mashine njo inapashwa kuvuliwa nguo. Piga."

Nikapiga. Na kwa kuwa balaa haiji peke yake, wakati nabonyeza, masera, yule mutawa wa kike wa dobi, akawasha mashine yake ya kufua, umeme ukashuka, na Komisere naye akakohoa. Picha ilitoka hafifu, imetikisika. Juu katika pafu la kushoto palikuwa na kivuli cheupe cha duara, kingo zake zimefifia kama sufi. Kama singejua, ningesema ni ugonjwa.

Dokta, ambaye sasa munamujua kwa jina la Kinyozi, alipoiona akabadilika rangi. "Mungu wangu. Uvimbe."

"Dokta, ni beji."

Akainuka, akafunga mulango, kisha akafunga na dirisha. Aliongea kwa sauti ya kanisani. "Nani mwingine amekusikia ukisema vile?"

"Hakuna."

"Turudilie picha?"

"Amekataa kuitoa, Dokta. Amesema tuvue mashine."

Tulikuwa na desturi: kwa kuwa hakukuwa na dokta wa radio hata mumoja Kivu nzima, picha nzito zilipelekwa kwa ndege mpaka kwa Profesa huko Kinshasa, azisome. Dokta akasema hii nayo iende, apate kukingwa na mukubwa. Lakini aandike nini kwenye karatasi yake? Hawezi kuandika kwamba Kiongozi ameharibu picha. Hawezi pia kusema uongo kwa Profesa wake. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishoni akanisomea, akitoka jasho: "Kivuli cha duara, upande wa kushoto, chenye asili ya kitaifa."

"Mutu mwenye hekima ataelewa," akasema.

Mutu mwenye hekima hakuelewa. Baada ya siku nane jibu likaja kwa foni ya misioni, ile redio ya kupokea ujumbe, saa ine za asubuhi, wakati kiwanja kizima kimejaa watu wanaongojea habari za jamaa zao. Masera aliyeishika alikuwa muzito wa masikio. Kwa hiyo sauti ya Kinshasa ilirudia mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi: mugonjwa Komisere, uvimbe wa duara katika pafu la kushoto, aletwe kwa ndege ya kwanza ili apasuliwe.

Saa sita soko lote lilijua kwamba Komisere ana uvimbe kama yai. Kufika saa kumi ulikuwa umekuwa kama shu, kabichi ya Masisi.

Vijana, sijawahi kuona dawa iliyomubadilisha mutu upesi namna ile. Kesho yake aliwafungua wote wa kasho. Alikwenda kwa miguu mpaka shuleni, akamuomba yule mwalimu musamaha mbele ya wanafunzi walewale, akamwita Bwana mara mbili. Jumapili alikaa kanisani musitari wa mbele, akalia mpaka pasta akapoteza pahali alipofikia kusoma. Wamama wa Himbi, waliokuwa wakijificha wakiona gari yake, walimupelekea sombe, majani ya muhogo. Tulimuombea wote. Nakiri kuna waliomuomba Mungu amuponye, lakini polepole.

Mimi sikuweza kula. Ndege ilikuwa ya alhamisi. Nilimuwaza yule mutu akilala juu ya meza, wanafungua mbavu zake, wanatafuta ndani ya pafu kitu ambacho kimetundikwa kwenye koti lake mulangoni. Nikarudi kwa Dokta.

"Tumwambie."

"Nani atamwambia Komisere kwamba Kiongozi ni kansa? Weye?"

"Dokta, watamupasua."

"Bauma, mimi niko na mwanamuke na mutoto wa miezi mine." Akafunika uso kwa mikono. Hakuwa mutu mubaya. Alikuwa mutu mwenye woga, na woga wakati ule ulikuwa na sababu.

Jumatatu Muzee Sekanabo akarudi kutoka Bunagana, angali na koti la harusi. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama. Nilidhani atacheka au atakasirika. Akauliza tu:

"Anakohoa tangu lini?"

"Miezi tatu, Muzee."

"Anakonda?"

"Ndiyo. Mukanda wake umeongezwa tundu."

"Basi beji haiko ugonjwa, lakini mutu yuko mugonjwa. Chini ya ile beji, weye uliona nini?"

Sikuwa nimeona kitu. Wiki mbili nzima tulikuwa tumetetemeka kwa ajili ya kivuli, na hakuna aliyejiuliza kile kivuli kimefunika nini. Hapo ndipo niliona aibu ya kweli, kubwa kuliko ile ya filimu mia.

Muzee akatuma Komisere aitwe kwa picha ya safari. Kisha akanituma nikalete kiti cha mukubwa wa hospitali, kile chenye mikono, na kitambaa cheupe kutoka chumba cha upasuaji, na maua. Akavipanga mbele ya mashine. Sikuelewa, na hakunieleza.

Komisere aliingia akishikwa mukono na mulinzi. Alikuwa amezeeka miaka kumi. Muzee akamuinamia.

"Citoyen Komisere, niko na aibu. Huyu mutumishi wangu alifanya kosa mubaya."

"Kosa gani?"

"Alimupiga Kiongozi radio bila ruhusa yake."

Komisere akaifunika beji kwa mukono.

"Huu mwangaza unachomaka," Muzee akaendelea. Akainua mikono yake miwili, zile kucha nyeusi. "Tazama vidole yangu. Mugonjwa tunamupiga kwa sababu ni mugonjwa na dokta amemwandikia. Lakini Kiongozi haiko mugonjwa. Nani alimwandikia?"

"Hakuna... hakuna mwenye alimwandikia."

"Basi akae hapa ku kiti ya heshima, atutazame tukitumika. Tusimuchome mara ya pili."

Komisere akaichomoa beji kwa mikono miwili, kama mutu anayetoa yai chini ya kuku, akailaza juu ya kitambaa kati ya maua. Walinzi wakakipigia kiti saluti. Mimi nikakimbia dobi kumuomba masera asimamishe mashine yake dakika tano kwa ajili ya Mungu.

Safari hii hakukohoa. Muzee aliingia nami chumba cha giza. Nilitikisa beseni, nikaimba zaburi yangu. Mbavu zikaja, moyo ukaja, mabega yakaja. Kile cha duara hakikuja. Lakini pahali pake, chini ya mufupa wa bega, palikuja kitu kidogo, hafifu, kama pamba iliyopulizwa.

"Njo ile," Muzee akasema taratibu. "Kifua kikuu. Ingali mutoto."

Sikujua nicheke ama nilie. Nilifanya yote mawili, na machozi mengine yaliingia kwenye dawa.

Dokta aliitwa, akasoma, akapumua kwa mara ya kwanza tangu wiki mbili. Akamwambia Komisere kwamba haendi kupasuliwa, kwamba ana kifua kikuu cha mwanzo, kwamba atadungwa na kumeza vidonge zaidi ya mwaka, na kwamba atapona.

"Na uvimbe?" Komisere akauliza.

Dokta akamugeukia Muzee.

"Hauko tena ku pafu," Muzee akasema.

"Umekwenda wapi?"

"Umekaa, Citoyen Komisere."

Komisere alifuata macho ya Muzee mpaka kwenye kiti. Alikitazama kitambo. Hakuwa mujinga, yule mutu. Akawaambia walinzi watoke inje. Mulango ulipofungwa akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo, mpaka kikohozi kikamukamata, Dokta akamushika mugongo. Alipopumua tena alikuwa na macho makavu.

"Mukiyasema haya inje, sisi wanne tutafia pamoja." Alijihesabu na yeye ndani.

"Citoyen Komisere," Muzee akajibu, "hii radio yetu haina sauti."

Hadithi ingeishia pale kama si Profesa. Alikuwa ametayarisha kitanda na visu, mugonjwa hakuja. Akaandika: mugonjwa wangu yuko wapi? Muzee akanifanya niandike kwa Kifaransa changu cha mapadri: tulipiga upya, uvimbe haukuwapo, picha ya pili hii hapa. Basi. Jibu likaja na bahasha nzito yenye picha zote mbili. Profesa na wenzake walikuwa wanaanzisha Sosiete ya taifa ya wataalamu wa radio. Alimualika "Dokta Sekanabo wa Goma" aje kwenye mukutano wa kwanza na picha zile, awaeleze madaktari dawa aliyotumia.

Dokta wetu akasema yeye ana kazi nyingi sana wiki ile. Hatukuwa tumemwambia ni wiki gani.

Tukasafiri Muzee na mimi kwa ndege ya mizigo, bahasha ya picha magotini kwangu, katikati ya magunia ya maharage. Mimi nilikuwa mutafsiri, kwa sababu Kifaransa cha Muzee kilikuwa kile cha chumba cha giza: "usipumue," "pumua," "funga mulango."

Ukumbi ulikuwa umejaa madaktari wa radio kutoka pembe zote, abakosti zimepigwa pasi, na kila mumoja na beji yake kifuani. Nyuma, karibu nami, alikaa mutu wa miwani nyeusi na daftari. Kila mukutano wakati ule ulikuwa na mutu wake wa kusikiliza.

Mulangoni walikuwa wamemuandikia Muzee kadi: Dokta Sekanabo. Akairudisha. "Mimi siko dokta." Neno likazunguka ukumbi. Dokta mumoja munene akasimama akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba Sosiete hii ni ya wataalamu, si ya waosha-filimu. Wengine wakapiga meza kumuunga mukono. Nilimutafsiria Muzee. Akasimama.

"Waambie anasema kweli. Mimi naoshaka filimu. Lakini naomba kuonyesha moja yenye sikuosha mimi."

Profesa, ambaye alikuwa mutu wa jimbo la Shaba na alisikia Kiswahili, akatoa ruhusa kabla sijamaliza kutafsiri. Muzee akatundika ile picha yangu ya kwanza penye taa. "Wasome," akasema, akakaa.

Walisoma saa nzima. Yule munene akasema ni kansa. Mwingine akasema ni jipu la zamani. Wa tatu, aliyesoma Ulaya, akasema ni mufuko wa maji wenye minyoo ya mbwa, akatoa jina lake kwa Kilatini. Wawili waligombana mpaka mumoja akatoka kunywa maji. Kisha Muzee akatundika picha ya pili, pembeni ya ya kwanza.

"Mulimupasua?" Profesa akauliza.

"Hapana."

"Mulimupa dawa gani kati ya hii na hii?"

"Hakuna."

"Sasa mulifanya nini?"

Muzee alimutazama Profesa. Akamutazama yule mutu wa miwani. Mimi nilikunja vidole ndani ya viatu vya shemeji, ambamo nafasi haikuwapo.

"Naomba," akasema, "kila Citoyen aweke mukono wa kuume ku kifua ya kushoto."

Nikatafsiri. Wote walisimama mara moja, wima, mukono kifuani, kwa sababu walidhani anataka kuanzisha wimbo wa taifa, na wimbo wa taifa hakuna aliyetaka kuonekana amekaa. Hata mutu wa miwani alisimama.

"Sasa vidole vijue vinagusa nini."

Niliona vidole vikisogea: vinagusa, vinazunguka duara, vinasimama. Niliona macho ya yule munene yakienda kwenye picha, yakirudi kifuani kwake. Halafu tumbo la Profesa likaanza kutikisika.

"Asili ya kitaifa!" akapiga kelele. "Mungu wangu, asili ya kitaifa! Mimi nilidhani ni kosa la kutaipu!"

Ukumbi ukapasuka. Madaktari walilala juu ya meza. Yule wa minyoo ya mbwa alipangusa machozi kwa kanuni za Sosiete. Nikamugeukia jirani yangu wa miwani nyeusi. Daftari lilikuwa wazi, kalamu hewani, na hakuwa ameandika neno. Angeandika nini? Kwamba muzee mumoja wa Goma aliwaomba watu waguse vifua vyao?

Wakati wa chai yule wa miwani alimufuata Muzee mpaka kwenye kona. Mimi nikaona hii ndiyo saa yetu. Akavua miwani. Alikuwa na macho ya kawaida, yaliyochoka.

"Muzee," akasema polepole, "na mimi nakohoaka. Nilipigwa picha mwaka jana. Sikutoa."

"Kesho asubuhi urudi ukapigwe," Muzee akamwambia. "Na useme ni mimi nimekutuma."

Muchana ule walipiga kura. Sisi wapiga picha tukakubaliwa kama wanamemba washiriki: kukaa ndani, kusema, bila kupiga kura. Nilikasirika, kura ilitujia miaka mingi baadaye. Muzee hakukasirika, alisema aliyekubaliwa kusema anaweza kungojea. Profesa mwenyewe aliandika ile kanuni ya kuvua bila kutazama cheo. Muzee akanisukuma kwa kiwiko, nikainua mukono, neno langu la kwanza katika Sosiete ya taifa, na lilikuwa hili: "Na nywele ziinuliwe." Wakaandika.

Kadi ya udokta walikataa kuibadilisha, zilikuwa zimeshachapwa. Muzee aliifungia sandukuni, lakini mukewe aliiona, na kuanzia hapo muji muzima ulilazimika kumwita Mama Dokta.

Komisere alimaliza sindano na vidonge vyake vyote. Alinenepa, akarudia kuwa mukali, lakini si kama zamani: kasho ilikuwa ya siku moja, na mwalimu hakuguswa tena. Kisha barua ya kumuhamisha ikafika, na kabla ya kuondoka akaja kwa picha ya mwisho. Walinzi aliwaacha garini. Mimi nilikuwa natia filimu ndani ya kaseti. Nilipogeuka, koti lilikuwa chini, beji juu ya kiti, shati chini, singleti, saa, pete, miwani ya kusomea, na mukubwa wa zoni alikuwa ameinama anahangaika na mukanda, suruali imefika magotini.

"Citoyen Komisere! Ni kifua tu! Suruali inaweza kubakia!"

Akainua kichwa, mwekundu wa macho kwa kuinama.

"Weye Bauma nyamaza, ufanye kazi. Mara ile nilibakisha kitu kimoja tu, wakataka kunipasua."

Nikapiga. Mapafu yalikuwa safi.